Gesi na mkaa: Bei hupangwa pia Bungeni

Mfanyabiashara wa gesi ya kupikia huangalia mambo mawili kabla ya kuagiza mzigo: bei ya dunia na thamani ya dola. Yote mawili ni ya lazima, lakini hayatoshi. Lipo jambo la tatu linaloweza kula faida ya miezi mingi kwa siku moja, nalo ni sera ya serikali kuhusu nishati safi. Sera hiyo hubadilika kwa sheria ya fedha, kwa marufuku au kwa ruzuku, na mwenye duka huletewa matokeo yake bila kuulizwa.

Kwanza bei ya dunia. Gesi inayoshushwa katika bandari zetu hufuata zaidi bei ambayo kampuni ya Saudi Aramco hutangaza kila mwezi. Juu yake huongezwa nauli ya meli, bima na gharama za bandari, na malipo hufanyika kwa dola. Hapo muuzaji wa Dar es Salaam au Mombasa hana la kufanya isipokuwa kufuatilia.

Sasa sera. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Kenya. Mwaka 2016 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, kwenye gesi ya kupikia ili wananchi waache mkaa na mafuta ya taa. Februari 2018 ikapiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na mkaa ukapanda bei. Septemba mwaka huo huo mafuta ya taa yakawekewa tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita, kwa sababu yalikuwa yakichanganywa na dizeli. Kwa mama wa nyumbani njia iliyobaki ilikuwa moja tu: nunua mtungi.

Lakini Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudishwa kwenye gesi hiyo hiyo. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vikapandisha bei ya dunia, na mtungi wa kilo 13 ukavuka shilingi 3,000 za Kenya. Julai mwaka huo kodi ikapunguzwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa kabisa. Mwezi huo huo marufuku ya kukata miti nayo ikaondolewa. Hesabu yake ni kwamba tangu 2016 hadi 2023 kodi ya gesi ilibadilishwa mara nne.

Kwa nini serikali ihimize kitu kwa mkono mmoja na kukitoza kodi kwa mkono mwingine? Jibu liko kwenye ukusanyaji. Gesi huingia kupitia bandari chache na kampuni chache, kwa hiyo mtoza kodi anajua pa kusimama. Mkaa hutoka porini kwa baiskeli, pikipiki na malori ya usiku, na sehemu kubwa haipiti kwenye daftari lolote. Hazina inapobanwa hutoza kinachoonekana, na nishati safi huonekana zaidi kuliko ile chafu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Duka lina mitungi 200 iliyojaa, na gesi ya kila mmoja kabla ya kodi ni shilingi 2,000 za Kenya. Kwa kodi ya asilimia 16, kila mtungi umebeba shilingi 320. Kodi ikishuka hadi asilimia 8, jirani anayepokea mzigo mpya atabeba shilingi 160 tu. Mwenye duka ambaye hakusajiliwa kwa VAT hana pa kudai tofauti hiyo. Akishusha bei ili asikimbiwe na wateja, atakuwa amepoteza shilingi 32,000 kwenye mzigo aliokwisha kuulipia. Kodi ikipanda, mwenye mzigo wa zamani ndiye anayefaidika.

Tanzania imetumia zaidi marufuku na ruzuku. Marufuku ya mkaa ya Januari 2006 haikudumu, ililegezwa baada ya muda mfupi kwa kuwa miji haikuwa na mbadala wa kutosha. Safari hii mpango ni mpana zaidi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kufikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa, na mitungi ya bei ya ruzuku imekuwa ikigawiwa wananchi.

Ruzuku ya mtungi huleta wateja wapya, lakini pia hulalisha stoo mitungi iliyonunuliwa kwa bei kamili. Zaidi ya hapo, faida ya muuzaji haiko kwenye mtungi wa kwanza, iko kwenye kujaza tena. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya siku hiyo. Gesi inadai fedha ya mkupuo. Mteja asipokuwa nayo, mtungi hulala mtupu uvunguni na yeye hurudi kwa muuza mkaa.

Kwa anayetaka kuweka mtaji wa muda mrefu, kama ghala au gari la kusambaza, kuna siasa za nje pia. Mjini Glasgow mwaka 2021 nchi zaidi ya 30 ziliahidi kuacha kutumia fedha za umma kugharamia miradi ya mafuta na gesi nje ya mipaka yao. Mjini Paris, Mei 2024, serikali na makampuni ziliahidi dola bilioni 2.2 kwa nishati safi ya kupikia Afrika, na gesi ya mitungi ilihesabiwa kuwa miongoni mwa njia hizo. Misimamo hiyo miwili haijapatana. Wakati huo huo Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme ambao nao unatafuta jiko la kupikia.

Kwa hiyo ushauri ni huu. Mwaka wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania huanza Julai 1, na Bajeti husomwa Juni. Usijaze stoo mwezi Mei kabla ya kujua Muswada wa Fedha unasema nini. Uliza kama mitungi ya ruzuku inakuja wilayani kwako, na lini. Na unapohesabu wateja, hesabu waliorudi kujaza, si walionunua mtungi.