Matawi ya Saipresi Mlangoni pa Kanisa



Desemba iliyopita hapa Kibabii palitokea ugomvi. Akina mama walileta matawi ya saipresi kuupamba mlango wa kanisa, kama ilivyo desturi. Kijana mmoja wetu, aliyekuwa amesoma kwamba Krismasi ni sikukuu ya wapagani, akayang'oa na kuyatupa nje ya ua. Mama mmoja alilia. Tangu siku hiyo wawili hao hawasalimiani, nasi tunaulizwa: je, kijana alisema kweli?

Kwa sehemu, ndiyo. Luka hutuambia habari za wachungaji usiku makondeni, lakini mwezi hautaji. Tarehe 25 Desemba twaikuta kwanza katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, na humo humo siku hiyo yatajwa kuwa ya kuzaliwa kwake Asiyeshindwa, yaani mungu jua, ambaye Kaisari Aurelian alimjengea hekalu mwaka 274. Nani alimtangulia mwenzake, wataalamu wangali wakibishana. Bunge la Uingereza, likiongozwa na Waprotestanti wakali, liliipiga marufuku Krismasi mwaka 1647. Hata Marafiki, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, tangu zamani hawakutukuza siku moja kuliko nyingine. Basi kijana hakuzua jambo jipya.

Lakini alisema pia kwamba Baba Krismasi ni mganga wa Siberia, aliyekula uyoga mwekundu wenye madoa meupe akaruka angani na paa wake. Hapo alidanganywa. Nikolao alikuwa askofu wa Mira, katika nchi ya Uturuki ya leo. Wale paa wanane walitokea katika shairi lililochapishwa New York mwaka 1823, na mwanahistoria Ronald Hutton ameeleza kwamba waganga wa Siberia hawakusafiri kwa magari ya theluji wala hawakuvaa nyekundu na nyeupe. Hadithi tamu si lazima iwe ya kweli, hata ikiwa ya kumsuta mtu.

Mti nao tunazo habari zake. Mwaka 1605 huko Strasbourg watu waliuweka nyumbani na kuutundikia matofaa na maua ya karatasi. Ni desturi ya Wakristo wa Kijerumani. Na saipresi yetu hii ni mgeni vile vile, asili yake ni Mexico!

Sisi wa Bungoma, hata hivyo, swali hili lina uchungu wake. Wazee wetu walikuwa na namwima, kibanda kidogo cha kuwatolea wahenga sadaka, na misheni ikafundisha kwamba kiachwe. Elijah Masinde, aliyekuwa mmoja wa Marafiki kabla ya kuanzisha Dini ya Msambwa, aliwaita watu warudie mila za wahenga. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo mwaka 1948. Sisi hatutoi sadaka kwa wahenga. Lakini mzee aliyeambiwa avunje namwima yake, kisha akaona mti umesimamishwa kanisani na kupambwa, alikuwa na haki ya kuuliza, na wengi wetu tulimjibu kwa kumcheka.

Tufungue Mathayo sura ya pili. Mamajusi walikuwa wasoma nyota wa mashariki, watu ambao leo tungewaita waganga na kuwafungia mlango. Walifika na mizigo yao, wakaanguka wakasujudu. Mathayo hasemi kwamba Mariamu aliwauliza uvumba ule ulifukizwa wapi kwanza.

Mwaka huu mama yule amesema ataleta matawi tena. Tumemwomba kijana akamkatie, kwa kuwa mti wenyewe umo shambani mwa baba yake. Hajatupa jibu.