Kikao cha Mshauri Nasaha: Pima Pesa, Pima na Siri

Tuseme mshauri nasaha wa binafsi anatoza shilingi 3,000 kwa kikao cha saa moja. Ukienda kila wiki, vikao vinane ni 24,000, nauli kando. Katika Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, ile wenyeji bado wanaiita Makadara, gharama ni ndogo zaidi. Ila kuna foleni, na huenda safari ijayo ukamkuta mshauri mwingine, uanze kisa upya. Kwa shida ya muda mfupi, haidhuru. Kwa jeraha la miaka, utazunguka pale pale.

Maana unachokilipia ni mtu unayeweza kumweleza kweli. Mwanasaikolojia Edward Bordin, mwaka 1979, alitaja mambo matatu yanayojenga uhusiano huo: mkubaliane mnatafuta nini, mtafanya nini kukipata, na muaminiane. Mwaka 2018 Christoph Flückiger na wenzake walikusanya tafiti 295, zenye wagonjwa zaidi ya 30,000: palipo na maelewano mema, matokeo huwa bora. Tofauti si kubwa mno, ila inajitokeza katika tiba za kila aina.

Mji wa Kale una gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Panda ngazi za ofisi iliyo juu ya duka la leso, Biashara Street. Hujashuka, habari zishafika barazani Kibokoni. Na mshauri mwenyewe asije akawa binamu ya mkweo! Ndiyo maana wapo wanaoona heri kuvuka: Nyali kwa matatu, au Likoni, ambako feri haimtozi mwenda kwa miguu. Kwa simu ya video nauli hakuna, lakini nyumba ya vyumba vinavyosikizana utaongelea wapi? Sheikh wa mtaa hatozi, na kwa ugomvi wa ndoa namwona anafaa. Tabu ni kuwa anazijua familia zote mbili. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure, ya kupigwa ukizidiwa, lakini haikupi mtu yule yule anayekumbuka ulilosema wiki iliyopita.

Kabla hujalipa, uliza kama amesajiliwa chini ya sheria ya 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, anatoza nini ukikosa kikao, na ni lini analazimika kuitoa siri yako, kwa mfano maisha yakiwa hatarini. Kisha tenga 9,000 za vikao vitatu, basi. Ikiwa kikao cha tatu bado unachuja maneno, mwambie waziwazi. Mshauri hodari atakuuliza kwa nini, au akuelekeze kwa mwenzake. Akinuna, 15,000 zako zimesalimika.