Si Kila Damu Chooni ni Bawasiri

Mtu akiona damu chooni, jina linalomjia kwanza ni bawasiri. Mara nyingi huwa ni kweli, na kwa sababu hiyo saratani ya utumbo mpana hupata pa kujificha. Ugonjwa huu wenyewe hauna haraka. Nyingi ya saratani hizi huanza kama kinyama kidogo kisichouma, kilichoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, na aghalabu hupita miaka 10 au zaidi kabla hakijageuka saratani. Katika muda huo daktari anaweza kukiona na kukikata kwa kolonoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa. Tukichelewa, saratani hupiga hatua: ya kwanza ingali ndani ya ukuta wa utumbo, ya pili imeupenya, ya tatu imeingia tezi za limfu za jirani, ya nne imefika mbali, hasa kwenye ini au mapafu. Takwimu za Marekani zaonyesha kuwa ikigunduliwa kabla ya kutoka kwenye utumbo, wagonjwa 9 hivi kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikishasambaa mbali, hawafiki 2.

Wapo wasemao huu ni ugonjwa wa Wazungu na wazee. Ni kweli kwamba mwaka 1971 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliuhusisha uchache wake Afrika na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Lakini kinga ya dona na maharage haimfuati aliyeviacha, na sigara, pombe, unene, kukaa kitako na soseji za kila siku huongeza hatari. Wengine huirithi katika ukoo. Kuhusu umri, mwigizaji Chadwick Boseman aligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 2016 ikiwa hatua ya tatu, akafariki 2020 akiwa na miaka 43.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kupimwa ni gharama. Hata hivyo, uchunguzi hauanzi na kolonoskopi: daktari hupima njia ya haja kubwa kwa kidole, na kipimo cha choo huonyesha damu isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo damu chooni, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda au upungufu wa damu usio na sababu vipimwe. Kuwa na bawasiri hakumkingi mtu na saratani. Vyote viwili vinaweza kukaa katika mwili mmoja.