Kabla Hujabadilisha Rimu za V8

Wanaonunua rimu huanza kwa macho. Toyota Land Cruiser 200, shangingi ambalo wengi tunaliita V8 tu, lilitoka kiwandani mara nyingi na rimu za inchi 17 au 18, na mwenye gari akilitazama pembeni anaona mpira mwingi na chuma kidogo. Anatamani inchi 22 zinazong'aa. Mimi namshauri aanzie upande wa pili: achague tairi kwanza, kwa kufuata uzito wa gari na barabara anazopita kila wiki, kisha ndipo atafute rimu ya kulibeba tairi hilo.

Soma maandishi ya ubavuni kwenye tairi la kawaida la V8: 285/60R18 116V. Upana ni milimita 285. Namba 60 ni asilimia: ukuta wa tairi una kimo cha asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 171. Ukuta huo ndio unaobonyea gari linapoingia shimoni, na kwa kubonyea unaikinga rimu, shokapu na mgongo wako. Sasa funga 285/40R22. Ukilipima tairi zima, kipenyo hakijabadilika sana, milimita 787 badala ya 799, lakini ukuta umeshuka hadi milimita 114. Karibu sentimita 6 za mpira na upepo zimekuwa chuma. Kwenye lami nyororo huenda usijutie. Kwenye lami iliyomegeka kingo baada ya masika, au usiku mbele ya tuta lisilo na alama, rimu inapinda au kupasuka na ubavu wa tairi unatoa uvimbe. Uvimbe huo maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Hakuna fundi wa pancha anayeweza kuutibu. Tairi hilo limekwisha, hata kama kashata zake bado ni mpya.

Ukuta mrefu una faida nyingine ambayo mwenye inchi 22 ameiuza bila kujua: kwenye mchanga unaweza kupunguza upepo, tairi likatanuka na kuelea. Tairi lenye ukuta mfupi ukilipunguza upepo unaikaribisha rimu chini.

Halafu kuna uzito, na hapa ndipo ninapoomba msomaji asiwe na haraka. Namba 116 katika maandishi yale ni fahirisi ya mzigo, na maana yake ni kwamba tairi moja, likiwa na upepo wa kutosha, hubeba hadi kilo 1,250. V8 iliyojaa abiria, mafuta na mizigo hupita tani 3, na sehemu kubwa ya uzito huo huenda nyuma, kiasi kwamba kila tairi la nyuma linaweza kukaribia tani moja. Dukani utaonyeshwa matairi ya kupendeza yenye fahirisi 106, ambayo ni kilo 950. Gari tupu litatembea nayo vizuri mjini. Siku ya safari ya familia, jua la saa nane mchana na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, tairi lililozidiwa linapata joto ndani hadi linapasuka. Rimu nayo ina kikomo chake. Igeuze utafute mgongoni namba ya mzigo. Rimu nzuri za Kijapani huwa na herufi JWL, kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na VIA, kuonyesha kuwa zimethibitishwa na chombo huru. Rimu isiyo na alama yoyote mgongoni usiifunge kwenye gari la uzito huu, hata ukipewa bure.

Baada ya hapo ndipo uulize kama rimu inaingia. Land Cruiser 200, kama 100 iliyoitangulia, ina matundu 5 ya nati yaliyopangwa kwenye duara la milimita 150. Prado 150 na Land Cruiser 300 iliyotoka mwaka 2021 zina matundu 6 kwenye duara la milimita 139.7. Kwa hiyo rimu za 200 haziingii kwenye 300. Za Prado na 300 zinafanana matundu, na muuzaji atakwambia ni kitu kimoja. Mwambie apime tundu la katikati: la Prado ni milimita 106, la 300 ni 95. Rimu ya 300 haitapita kwenye habu ya Prado. Rimu ya Prado itaingia kwenye 300 ikiwa imepwaya, na nati za 300 ni nene zaidi.

Kipimo kinachosahaulika kuliko vyote ni ofseti: umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaogusa habu. Rimu za kiwandani za 200 zina ofseti ya karibu milimita 60. Ukifunga yenye 20, tairi limesogea nje sentimita 4 kila upande. Gari linaonekana limetanua kifua, ndiyo, lakini beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, usukani unapiga kila tairi linapogonga jiwe, na tope linarushwa hadi kwenye vioo.

Kwa mtu ambaye safari zake nyingi ni za lami na vumbi kidogo, matairi ya lami au ya mchanganyiko yanatosha. Yale ya tope yenye kashata kubwa yanapiga kelele na yanachelewa kusimama kwenye lami yenye maji. Ukichagua matairi mazito ya aina ya LT, yaani ya magari mepesi ya mizigo, ongeza upepo kuliko kibandiko cha mlangoni kinavyosema, kwa sababu yanahitaji upepo zaidi kubeba uzito uleule. Ukipanda kutoka 285/65R17 hadi 285/70R17, spidi mita ikionyesha 100 wewe unakwenda zaidi ya 103. Tazama pia tarakimu 4 za mwisho kwenye alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "jipya" lililokaa stoo miaka sita nisingelinunua.

V8 huendesha magurudumu yote manne wakati wote, kwa hiyo nunua matairi matano ya kipimo kimoja. Spea yenye kipenyo tofauti inailazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika. Na kuna suala la nati. Rimu za aloi za Toyota hukazwa kwa nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu nyingi za madukani zinataka nati zenye kichwa cha koni. Ukizichanganya, nati inagusa ukingo tu, inalegea barabarani, na bolti zinakatika. Nunua nati za rimu mpya, zikaze kwa spana ya kupimia, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 100 hivi. Kama spea imebaki kwenye rimu ya aloi ya kiwandani, weka nati tano za zamani kwenye mfuko pamoja na jeki.