Tulikwenda Kilwa Tumenuniana, Tukarudi na Mkeka

Mpenzi msomaji, umewahi kukaa kwenye basi saa nzima nzima pembeni ya mtu unayempenda bila kusemezana? Basi utanielewa. Tuliondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, mimi dirishani, yeye upande wa njia, katikati yetu mfuko wa korosho ambao hakuna aliyeugusa. Tulipofika Daraja la Mkapa pale Mto Rufiji, lile lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea watu wa kusini adha ya kivuko, ndipo mchumba wangu akafungua kinywa.

“Unakula korosho?”

“Sili.”

Na korosho ndio ugonjwa wangu, jamani!

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki moja kabla ya safari nilikuwa natafuta namba ya fundi keki kwenye simu yake (kwa ruhusa yake, sio upekuzi), nikakutana na ujumbe wa kumkumbusha marejesho ya mkopo. Milioni 12, miaka mitatu. Harusi yetu ilikuwa imebaki miezi minne. Kamati ilikuwa imeshapitisha bajeti ya milioni 38 na wageni 400, na kila kikao nilikuwa najiuliza hiyo pesa inayojazia pengo la michango inatoka wapi. Kumbe inatoka kwenye mshahara wetu wa kesho, na mimi sijui!

Nilitaka kuahirisha kila kitu, safari na harusi. Lakini chumba Kilwa Masoko tulikuwa tumeshalipia. Shoga yangu wa ofisini akanipa neno moja: “Nenda. Mkigombana, angalau mtagombania mahali pazuri.”

Mji uliopiga pesa zake wenyewe

Wengi wetu Kilwa tuliisoma darasani na kuisahau baada ya mtihani. Kwanza ujue Kilwa ziko tatu. Kuna Masoko, yaliko makao ya wilaya. Kuna Kivinje, mji mkongwe ulio kaskazini yake. Na kuna Kisiwani, penye magofu yenyewe. UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini kwa sababu ya kubomoka, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakatolewa humo mwaka 2014.

Asubuhi ya pili tulichukua kibali, tukashuka gatini na kupanda mashua. Upepo ulikuwa mzuri, tanga likajaa, chombo kikalala upande. Nahodha akatuangalia tulivyokaa, kila mtu na kona yake, akasema, “Jamani, kaeni pamoja huku juu, mnanipotezea mizani.” Tukakaa. Mabega yakagusana. Hakuna aliyesogea, lakini hakuna aliyesema kitu pia.

Kitu cha kwanza kukupokea ni Gereza, ngome iliyo ukingoni mwa maji. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakafungasha wakaondoka. Jengo unaloliona leo sehemu kubwa ni la enzi za Waomani. Ukitembea kidogo unafika Msikiti Mkuu. Hapo ndipo nilipoanza kusahau hasira zangu. Nguzo na kuba, safu kwa safu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa hapo hapo. Hakuna nondo, hakuna saruji ya dukani. Ulianza karne ya 11 au ya 12 ukiwa mdogo, ukaja kupanuliwa. Ule upanuzi mkubwa wa karne ya 14 ulianguka, wakaujenga tena karne ya 15.

Kijana aliyekuwa akitutembeza, mzaliwa wa kisiwa hicho, alituambia jambo ambalo mwalimu wangu hakuwahi kulitaja. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba, na maandishi ya upande mmja yalifanya vina na ya upande wa pili. Yaani hata pesa ilikuwa shairi! Sarafu moja ya Kilwa ilikutwa Zimbabwe Kuu, kule dhahabu ilikotoka kabla ya kupitia Sofala na kuletwa hapa. Nyingine ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Wataalamu bado wanabishana.

Nguo ya kuzunguka kisiwa

Halafu akatupa hadithi ya mwanzo wa mji. Masimulizi yanasema mgeni kutoka Shiraz alifika na jahazi lake, akamkuta mzee mwenyeji mwenye kisiwa. Mzee akakubali kukitoa, kwa sharti la nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Mgeni akazitoa. Wapo wanaosimulia kwamba alimuoa na binti wa yule mzee.

“Nguo za kuzunguka kisiwa kizima!” mchumba wangu akasema polepole. “Huyo naye alikuwa na kamati?”

Nilicheka kabla sijajizuia. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nane.

Mchana tukafika Husuni Kubwa. Hili ni kasri lililo juu ya jabali, linatazama bahari, lenye vyumba zaidi ya mia moja, ua wa biashara, na birika la kuogelea lenye pande nane. Mwanaakiolojia Neville Chittick ndiye aliyelifukua miaka ya 1960. Linahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpachika jina la Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331 akausifia mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, na huyo sultani akamsifia kwa kutoa.

“Sasa, watu waliishi humu muda gani?” nikamuuliza kijana.

“Muda mfupi tu, dada. Inaonekana halikuwahi hata kumalizika kujengwa.”

Akatuacha tupumzike. Tukakaa kwenye ngazi za lile birika kavu, majani yameota kwenye nyufa. Nikasema, “Hii ndiyo harusi yetu.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia jambo ambalo kwa miaka mitatu ya uchumba sikulijua. Kwenye harusi ya kaka yake chakula kiliisha kabla ya nusu ya wageni kuhudumiwa. Mpaka leo ukoo ukikutana lazima mtu atanie. Baba yao alikufa utani huo ukiendelea. “Niliapa kwangu haitatokea,” akasema. “Na ningekwambia, ungenikataza.”

“Ningekukataza, ndiyo.”

“Basi ndiyo maana.”

Ningeweza kuishia hapo, mimi niliyekosewa, yeye mkosaji. Lakini kukaa mbele ya bahari ile na kudanganya ni kazi ngumu. Nikamwambia na yangu. Kwenye kikoba chetu cha ofisini nina hisa za milioni 4 na laki 6. Hazijui. Niliziweka kwa sababu mama yangu aliachwa na watoto watatu bila senti, na mimi nilijiapiza vilevile.

Akanitazama. “Yaani ulikuwa unajiwekea akiba ya siku nitakayokuacha?”

Sikuwa na jibu. Mpenzi msomaji, ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko wa kwenye basi.

Bibi na shazia

Tulipokuwa tunarudi kijinini (maana kisiwani kuna watu wanaishi, sio magofu matupu), yule kijana akatupitisha kwa bibi yake. Tulimkuta chini ya kivuli cha muembe, miguu ameinyoosha, anashona mkeka.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba wajukuu zangu. Mmeoana?”

“Bado, bibi.”

“Mbona mmekaa kama mlioachana?”

Wazee wa pwani hawana simile! Kabla hatujajibu akamkabidhi mchumba wangu ncha moja ya ukili na mimi ncha nyingine, tumshikie. Huku anashona akatueleza kazi inavyokwenda. Ukindu unakatwa porini, unaanikwa, unachanwa nyuzi nyembamba. Wa rangi unachemshwa na rangi. Halafu unasukwa ukili, mrefu kama utepe, siku nyingi tu ukili mmoja. Mwisho ukili unaunganishwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka, mpaka upate upana unaoutaka. Wanaume huko hufua samani za bahari, mashua na mitumbwi, na wanawake wanasuka. Na ufundi huo ni wa zamani kweli kweli, maana hata kwenye magofu wachimbaji walikuta vigurudumu vingi vya kusokotea nyuzi za pamba.

Mchumba wangu, kwa kutaka kusaidia, akavuta upande wake. Bibi akasimamisha shazia.

“Usivute, baba. Ukivuta peke yako mkeka unakwenda upogo. Na we mwanamke, usilegeze. Nyote mmeshika kitu kimoja.”

Hakuwa anatutolea mawaidha, alikuwa anaulinda mkeka wake. Lakini tuliangaliana. Tuliununua uleule. Mchumba wangu alipoanza kuomba punguzo, bibi akasema, “Hizo ni wiki tatu za mgongo wangu, mjukuu.” Akalipa yote bila neno la pili.

Kivinje, na hesabu za usiku

Siku ya mwisho tulikwenda Kivinje. Usiende huko kupiga picha tu. Karne ya 19 misafara ya pembe na ya watumwa kutoka bara, kutoka kandokando ya Ziwa Nyasa, iliishia hapa. Kuna nyumba kuukuu zenye milango ya kuchonga, kuna boma la Wajerumani, na kuna mnara wa kuwakumbuka wapiganaji wa Majimaji walionyongwa baada ya vita kuanza mwaka 1905. Tulisimama pale tukanyamaza, safari hii kwa heshima.

Ufukweni fundi alikuwa anatia kalafati kwenye mashua, anashindilia pamba kwenye kila mwanya wa mbao. Nikamuuliza ikiwa mwanya mmoja mdogo ni tatizo. Akacheka: “Mimi nikiuruka, maji hayauruki.”

Usiku ule, baada ya wali wa nazi na pweza, tuliomba karatasi mapokezi. Tukaandika kila kitu. Mshahara wake, wangu, mkopo, kikoba, ada ya mdogo wake, dawa za mama yangu. Tulifika saa saba. Tulizozana mara mbili, na mara moja nililia. Lakini kwa mara ya kwanza tulikuwa tunagombana juu ya namba tunazoziona wote wawili.

Tuliporudi Dar tuliiambia kamati wageni ni 150. Mwenyekiti alitaka kujiuzulu! Mama mkwe hakufurahi, na sidhani kama amefurahi hadi leo. Sehemu ya mkopo iliyokuwa haijaguswa ilirudishwa. Iliyobaki bado tunailipa, wote wawili. Kikoba naendelea nacho, ila sasa anajua siku ya kugawana, na yeye ndiye aliyesema nisikifunge. Aliniambia, “Weka. Ila usiwe unaniwekea mimi msiba.” Kile kidonda hakijapona chote, sitakudanganya. Lakini kiko wazi, kinapata hewa.

Mkeka uko sebuleni kwetu. Karibu na ukingo kuna mahali ukili umepinda kidogo, pale alipovuta. Wageni hawaoni, sisi tunaona.

Kama mnakwenda wawili

Chukueni kibali Masoko kabla ya kuvuka, na mpatane bei ya mashua ya kwenda na kurudi mapema.

Bebeni pesa taslimu, maji na kofia. Kisiwani hakuna mashine ya kutolea pesa, na jua la Husuni Kubwa halina huruma.

Vaeni kwa staha. Ni miji ya Waislamu, na magofu mengine ni misikiti na makaburi ya watu.

Mkiweza, ongezeni siku ya Songo Mnara. Nyumba zake za mawe na kuta za mji zitawaacha midomo wazi.

Nunueni mkeka kwa aliyeusuka, na msipunguze bei kama mko Kariakoo.

Na korosho nunueni mfuko wa kila mtu. Sisi wakati wa kurudi tulikuwa na mmoja tu, na ulikwisha kabla hatujaliona Daraja la Mkapa.