Mtoto Asiye na Kadi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliieleza Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, na jinsi inavyoruhusu mtoto akabidhiwe mlezi kwa njia ambayo serikali huiita malezi ya kambo. Jina ambalo, kwa kadiri ya hisia zangu, halikuchaguliwa vyema, kwani neno kambo limekwisha kupakwa masizi na ngano zetu, ilhali wenzetu wa Zanzibar, katika sheria yao ya mwaka 2011, wanalo neno kafala, ambalo ndani yake mna dhamana. Leo tuitazame siha ya mtoto huyo.

Mtoto alelewaye na mamaye ana daftari mbili: kadi ya kliniki, na kumbukumbu ya mama ajuaye kwamba huyu alishikwa na degedege akiwa wa miezi minane na kwamba dawa fulani humtoa vipele. Mtoto aliyeokotwa, au aliyeondolewa kwao usiku ili anusurike, humfikia mlezi wake hana hii wala ile, na tabibu hulazimika kuusoma mwili wenyewe: humvua shati akatafuta kovu la chanjo ya kifua kikuu begani, kisha akauzungushia mkono utepe wa rangi, ambao ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, huo ni utapiamlo mkali usiongoja kesho. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua ya miezi 9 na 18, haziachi kovu. Basi madhali hakuna maandishi, mtoto huchanjwa kana kwamba hakuzipata.

Kipimo cha haraka cha Virusi vya UKIMWI kinataka uangalifu zaidi. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani askari wanaoundwa na mwili kupambana na virusi, si virusi vyenyewe. Na kwa kuwa mtoto huazimwa askari hao na mamaye tangu tumboni, majibu yake kabla ya kutimiza miezi 18 yamkini yakamsema mama. Ndiyo maana damu ya mtoto huyo hukaushwa juu ya karatasi maalumu ikapelekwa maabara, vikatafutwe virusi vyenyewe. Mlezi amrudishaye mtoto kwa hofu ya mistari miwili huenda amerudisha majibu ya mwanamke asiyepata kumwona.

Huko Marekani, chama cha madaktari wa watoto kimeshauri kwamba mtoto wa namna hii atazamwe kabla ya kupita saa 72, kisha achunguzwe kwa mapana ndani ya siku 30. Uchunguzi huo wa pili ndio niuhusuduo, kwani yako maradhi yasiyojitokeza siku ya ugeni. Namjua mama mmoja aliyekuwa akifagia chumba cha mtoto aliyekabidhiwa, akakuta chini ya godoro vipande vya maandazi vilivyokauka, na vingine ndani ya soksi. Jirani akamshauri amchape, asije akazoea wizi. Yeye akaanza kumwekea sahani chini ya kawa, kando ya kitanda, kila usiku; na mwezi wa tatu sahani ikawa inakucha haijaguswa.

(Itaendelea)