Sauti Inayopotea Njiani: Matatizo ya Sauti Katika Kuhamishia Kanda za Video Kwenye Kompyuta, kwa Mfano wa Mazungumzo ya Vudee



1.0 Utangulizi

Mwaka 1909 Ernst Kotz alichapisha mjini Berlin, kwa Kijerumani, sarufi ya Chasu, lugha ambayo kwa Kiswahili tunaiita Kipare. Kitabu hicho kingali kinasomeka. Kanda ya video iliyorekodiwa katika milima hiyohiyo mwaka 2003 huenda isichezeke tena, ilhali ina kitu ambacho kitabu hakingeweza kukihifadhi, nacho ni sauti ya msemaji. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, ilisitisha kazi hiyo. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, walitoa tahadhari kwamba karibu na mwaka 2025 vifaa vya kuchezea kanda za sumaku vingekuwa adimu mno. Anayehamishia kanda kwenye kompyuta leo, basi, huenda hatapata nafasi ya kurudia.

Mhadhara huu unahusu sauti katika hatua hiyo ya kuhamisha. Hoja yangu ni kwamba suala hili haliwezi kuachiwa fundi peke yake. Hitilafu isiyotambuliwa huingia katika data, na kutoka huko huingia katika uchambuzi wetu kana kwamba ni sifa ya lugha.

2.0 Kwa nini Vudee?

Chukulieni kwamba mtafiti ana kanda ya mzee wa Vudee, kata iliyo katika Milima ya Upare ya Kusini, wilayani Same. Mzee anaeleza jinsi maji ya ndiva yanavyogawanywa. Ndiva ni bwawa dogo linalokusanya maji usiku ili yamwagiliwe mashambani mchana. Nyuma ya maneno yake husikika upepo na maji yanayotiririka.

Chasu ni lugha ya toni, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya sarufi yake. Kiswahili hakina toni, lakini nacho hutegemea mambo madogo ya sauti. Mkazo ndio unaotenganisha "barabara" ya kupita magari na "barabara" yenye maana ya sawasawa. Katika Kimvita, mpumuo ndio unaotenganisha "kaa" wa baharini, ambaye jina lake lina mpumuo, na "kaa" la moto, ambalo halina. Hayo ndiyo mambo yanayoharibika kwanza.

3.0 Hitilafu na namna ya kuzichunguza

3.1 Kutosikika. Picha ikija bila sauti, aghalabu kanda haina kosa. Waya wa njano hubeba picha tu; mweupe na mwekundu ndio hubeba sauti, nao mara nyingi huingia kwenye kadi ya sauti, ambayo ni tofauti na kadi ya picha. Hapana budi kuhakikisha kwamba programu imeelekezwa kwenye tundu lililotumika. Sauti ikitokea upande mmoja tu, yawezekana ilirekodiwa kwa mikrofoni moja; upande huo mmoja unatosha kwa uchambuzi.

3.2 Kukwaruza. Sauti itokayo kwenye deki ina nguvu nyingi kuliko ya mikrofoni. Ikichomekwa katika tundu la mikrofoni, ambalo katika kompyuta nyingi za mezani ni la waridi, vilele vya mawimbi hukatwa na irabu hukwaruza. Tundu sahihi ni la buluu. Vilele visipite desibeli 6 chini ya ukomo, kwa maana kilichokatwa hakirudishwi na programu yoyote.

3.3 Mvumo. Umeme wetu una masafa ya hezi 50. Deki na kompyuta zikichomekwa katika soketi mbalimbali, mvumo wa hezi 50, pamoja na vizidishi vyake vya 100 na 150, huweza kuingia katika sauti. Sauti ya mwanamume mara nyingi hucheza papo hapo, kati ya hezi 100 na 150. Programu ya kupima kiimbo, kama Praat, yaweza kuufuata mvumo badala ya mzee, na mchoro ukaonyesha toni iliyotulia mahali asipotamka kitu. Tiba ya kwanza ni nyepesi: chomoa chaja ya kompyuta ya mkononi, itumie betri. Mvumo ukikoma, chanzo kimejulikana, na vifaa vyote vichomekwe katika soketi moja.

3.4 Kwenda mbio. Kamera za MiniDV zilirekodi sauti kwa sampuli 48,000 au 32,000 kwa sekunde. Faili ya sampuli 32,000 ikisomwa kana kwamba ni ya 48,000, saa nzima humalizika kwa dakika 40, na sauti ya hezi 120 husikika kama hezi 180. Kosa hilo kila mtu hulicheka, na hivyo hurekebishwa. La hatari zaidi ni la faili ya sampuli 44,100 inayosomwa kama 48,000. Hapo hezi 120 huwa takribani 131, na irabu hufupika kwa asilimia 8 hivi. Mzee atasikika kijana kidogo, wala hakuna atakayeshtuka, lakini vipimo vyote vitakuwa vya uongo. Kanda iliyobadilishwa sampuli katikati ihamishwe kwa mafaili mawili.

3.5 Midomo na maneno kuachana. Linganisha picha na sauti mwanzoni, katikati na mwishoni. Pengo likiwa lilelile, isogeze sauti. Likikua kwa kuruka, kompyuta imepoteza fremu. Funga programu nyingine na utumie diski yenye kasi. Likikua polepole na kwa usawa, saa za kadi mbili hazilingani. Kadi inayochukua sampuli 47,990 badala ya 48,000 huleta pengo la sekunde 0.75 kwa saa, yaani karibu fremu 19. Mchambuzi wa ishara za mikono angedai kwamba mzee huonyesha kwa mkono baada ya kutamka "ndiva", kumbe sivyo. Kifaa kimoja kinachopokea picha na sauti pamoja huondoa kosa hili.

4.0 Tahadhari kuhusu kusafisha

Wengi wakishamaliza huendesha programu ya kuondoa kelele. Programu hiyo haijui Kimvita wala Chasu. Kwake, mpumuo na vikwamizi kama [s] na [f] hufanana na upepo, naye huvipunguza pamoja nao. Atakayechunguza mpumuo katika faili iliyosafishwa anaweza kuhitimisha kwamba umekufa katika lahaja hiyo. Faili ya asili, isiyobanwa wala kusafishwa, ihifadhiwe kwanza. Usafishaji ufanywe katika nakala, na kila hatua iandikwe.

5.0 Hitimisho

Tumezoea kuandika jina la kijiji, tarehe na umri wa msemaji. Nashauri tuongeze aina ya deki, idadi ya sampuli, na njia iliyopitiwa na waya. Bila taarifa hizo, msomaji wa kesho hataweza kujua kama anachokisikia ni Chasu cha Vudee au ni mvumo wa soketi ya chuo. Wazee waliotupa maneno yao walistahili uangalifu huo, na wengi wao hatuwezi tena kuwarudia na kuwauliza.